Tusipulize dawa kwenye barza, tubadilishe taa



Tangu mvua ya mwezi wa kumi ilipoanza, kuna ombi moja linalotufuata katika kila kijiji tunachofika, kutoka Kasongo mpaka Lusangi na kuendelea upande wa Kabambare. Si la mbegu wala la jembe. Tunakaribishwa kwenye barza, tunaletewa kiti, na kabla hatujafungua daftari mama wa nyumba anatuonyesha ampuli iliyo juu ya mlango. «Agronome, hii taa inatuletea wadudu. Wanaanguka ndani ya sombe, wanaingia mpaka kwenye masikio ya watoto. Mutupatie dawa ya kupuliza.»

Tunajua jibu letu halitawafurahisha wote: dawa hatutoi. Wadudu hao wanaitwa na taa yenyewe, juu ya rangi yake na mahali ilipotundikwa, na mambo hayo mawili mtu anaweza kuyabadilisha bila kununua sumu. Kuna jambo zito zaidi pia, na njo lililotufanya tuandike.

Msimu wa mvua uliopita tulilala kwa mwanachama mmoja, mkulima mzuri, mtu wa kusikia mashauri. Taa yake ya plake ya jua ilikuwa juu ya mlango, nyeupe, yenye nguvu. Mvua ilikatika saa kumi na mbili jioni, na kumbikumbi wakatoka ardhini kama moshi. Barza yote ikajaa. Baba akachukua pompi yake ya shambani, ndani mlikuwa bado na dawa aliyonunua kwa ajili ya tomati, akapuliza ukuta, mlango na dari. Wadudu wakaanguka, tukala kwa utulivu, na hata sisi, na masomo yetu yote, tulichelewa kusema neno. Asubuhi kuku wake saba walikuwa wamelala chini ya ukuta ule ule, wamekufa. Walikuwa wamekula wadudu waliopulizwa. Wakati tunawatazama kuku, mtoto wa jirani alikuwa nyuma ya jiko na kikaango, anakaanga kumbikumbi aliowaokota kwenye barza ile alfajiri. Mama yake alimnyang'anya kikaango akamwaga yote kwenye choo. Mtoto alilia sana juu ya kumbikumbi wake. Sisi tulikuwa tunatetemeka.

Hapa kwetu wadudu wa taa ni chakula pia. Kila mtu amekula kumbikumbi, wa kukaanga na chumvi kidogo, na hakuna mzazi atakayeweza kumzuia mtoto asiwaokote. Basi anayepuliza dawa chini ya taa anatia sumu katika chakula cha watoto wa jirani, hata kama hakukusudia.

Na dawa yenyewe ni gani? Kichupa cha rafiki yetu hakikuwa na etikete. Alikumbuka harufu na bei tu. Moja ya dawa zinazouzwa katika vichupa vidogo kwenye masoko mengi ya Afrika ni diklorvosi, ile inayoandikwa DDVP. Shirika la Afya Duniani, OMS, limeiweka katika kundi la Ib, maana yake dawa zenye hatari kubwa kwa mtu. Dawa ya namna hiyo inaingia kwa mdomo, kwa pumzi, na hata kwa ngozi. Mtu aliyepata sumu yake anatokwa na mate na jasho jingi, mboni ya jicho inakuwa ndogo, anatapika, anatetemeka, pumzi inakuwa ngumu. Mkiona hivyo, mvueni nguo, mumwoshe kwa maji mengi na sabuni, musimlazimishe kutapika, na mumpeleke kituo cha afya mbio, pamoja na kichupa ili muganga ajue anatibu kitu gani. Wanaomwosha wafunike mikono yao. Haya tungependa yasomwe kwa sauti mkutanoni, juu si kila mwanachama anasoma.

Sasa turudi kwa taa.

Wazee wanakumbuka usiku wa koroboi. Wadudu walikuja, ndiyo, na vipepeo vya usiku viliungua kwenye moto, lakini haikuwa kama sasa. Moto wa petroli ni mdogo na rangi yake ni ya njano inayoelekea nyekundu. Ampuli nyingi tunazoona leo kwenye nyumba zenye plake ni za led, na mwanga wake ni mweupe unaoelekea bluu. Jicho la mdudu si kama letu. Wengi wao wanaona vizuri sana mwanga wa bluu na ule uliopita bluu, ambao sisi hatuuoni kabisa, lakini nyekundu wanaiona kidogo sana. Kwa hiyo taa ambayo kwako ni nyeupe na safi, kwa mdudu inawaka kama mwezi ulioshuka kwenye mlango wako.

Wavuvi wa Tanganyika hawahitaji agronome kuwaeleza jambo hili. Ndagala wanaofika sokoni kwetu kutoka upande wa Fizi na Kalemie wanavuliwa usiku, wakati mwezi haupo, kwa taa iliyotundikwa juu ya maji. Samaki wanakusanyika chini ya mwanga, kisha wavu unapandishwa. Huko Uganda, upande wa Masaka, watu wanasimamisha ampuli kubwa kati ya mabati na mapipa, panzi wanaoitwa senene wanafuata mwanga, wanateleza kwenye bati na kuanguka ndani ya pipa, na asubuhi wanauzwa. Taa kwao ni mtego, na wameilipia ili ifanye kazi hiyo. Sisi tumetundika mtego ule ule juu ya mlango wa nyumba, kisha tunashangaa kwamba unakamata.

Kwa nini mdudu anazunguka taa badala ya kupita na kwenda zake? Zamani walisema anaifikiri mwezi. Mwaka 2024 watafiti wa Uingereza na Marekani walitoa katika jarida la Nature Communications uchunguzi walioufanya kwa kamera za mwendo wa haraka. Waliona kwamba mdudu anaporuka usiku anageuzia mwanga mgongo wake, kwa sababu tangu zamani mbingu njo yenye mwanga na ardhi njo yenye giza, na hivyo anajua juu ni wapi. Akikuta ampuli pembeni yake, anaigeuzia mgongo, analala upande, anazunguka, na hawezi kutoka. Mwanga ukitoka chini yake anapinduka na kuanguka. Kwa mkulima hii ina faida moja kubwa: taa inayomulika juu hewani, ao pande zote, inawanasa wengi. Taa iliyofunikwa juu, inayomulika chini peke yake, inawanasa wachache.

Basi cha kufanya nyumbani ni nini? Kwanza tazameni mahali. Taa iliyo juu ya mlango inaleta wadudu mlangoni, na mlango ukifunguliwa wanaingia mpaka kitandani. Itoeni hapo. Simamisheni mti kwenye uwanja, hatua kumi kutoka nyumba, mutundike taa huko, imulike chini. Waya wa ziada unakuwa na bei, tunajua, lakini ni bei ya mara moja, kichupa cha dawa kinanunuliwa kila mvua. Wadudu watakusanyika kwenye mti, na ninyi mutakaa barzani katika mwanga mdogo unaotosha kuona sahani.

Hapo kila baba anatuambia: «Lakini taa ya mlango ni juu ya wezi.» Hatuchezi na neno hilo, tunajua usiku wa huku namna gani ulivyo. Lakini jaribuni kitu kimoja. Kaeni chini ya taa yenu, kisha tazameni gizani. Hamuoni kitu. Yule aliye gizani anawaona vizuri, mpaka idadi yenu na mahali mlango ulipo. Taa ikiwa mbali, kwenye uwanja, nyumba inabaki gizani na anayekuja anapita kwenye mwanga. Mlinzi mwenye akili anakaa gizani na kutazama mahali penye mwanga.

Kisha rangi. Kwenye karatoni ya ampuli kuna namba inayomalizika na herufi K. Ikiandikwa 2700K ao 3000K, mwanga ni wa njano, kama wa moto. Ikiandikwa 6000K ao 6500K, ni ule mweupe wa bluu. Msiangalie wati peke yake. Muombe muuzaji awawashie dukani, muione kwa macho. Taa ya njano haifukuzi wadudu. Inawaita wachache tu kuliko nyeupe, na usiku wa kumbikumbi hata njano itapata wake. Anayewaambia kwamba kuna ampuli isiyoleta mdudu hata mmoja anataka pesa yenu.

Mwenye ampuli nyeupe tayari asiitupe. Sisi tumejaribu kukata bidoni ya njano ya mafuta, ile ya lita 20. Sehemu ya chini inakuwa kofia ya taa, na kipande kingine chembamba kinafungwa mbele ya mwanga. Mwanga unapungua, ni kweli, lakini unakuwa wa njano na unaelekea chini, na mtu anaona njia yake. Fanyeni hivyo kwa taa ndogo za led zisizopata moto peke yake. Ampuli inayounguza kidole itayeyusha plastiki na inaweza kuwasha paa la nyasi. Na bidoni iliyowahi kubeba petroli ao dawa msiiguse kwa kazi yoyote ya nyumbani.

Usiku wa kumbikumbi una dawa yake ya bure: zimeni taa. Wanatoka kwa wingi baada ya mvua, sana sana jioni, kwa muda mfupi, kisha mabawa yanaanguka na kazi imekwisha. Zimeni nje, fungeni pazia, ngojeni. Anayewataka kwa chakula aweke taa moja mbali na nyumba, beseni la maji chini yake, na awakusanye humo. Hivyo ndivyo mama zetu walivyofanya kwa moto wa nyasi, na hakuna kuku aliyekufa. Batri pia itashukuru, kwa maana batri ya asidi inayomalizwa kabisa kila usiku haifiki mbali.

Kwa wale wanaosherehekea Ramadhani, miaka hii mwezi unaanguka ndani ya mvua, na watu wanakaa nje kwa futari na baada ya tarawehe. Taa moja ya njano kwenye mti, mbali kidogo na mkeka wa chakula, itawasaidia zaidi ya pompi yoyote. Makanisa yanayokesha, vilevile.

Watoto wanaosoma usiku ni jambo lingine, na hapa hatutaki mtu atusikie vibaya. Kusoma kunahitaji mwanga mzuri. Taa nyeupe ibaki ndani, juu ya meza, na dirisha liwe na pazia ao wavu. Tunazungumzia taa za nje.

Kuna mdudu mmoja wa kumjua kwa uso. Ni mwembamba, mfupi kama punje ya mpunga, rangi yake nyekundu ya machungwa na nyeusi, anatembea kama chungu. Akikaa shingoni usimpondeponde. Maji ya mwili wake yanaunguza ngozi, na kesho yake kunatoka malengelenge kama ya moto, na yakifika jichoni jicho linavimba. Mpulize kwa mdomo ao mwondoe kwa karatasi, kisha oga kwa sabuni. Tunamtaja kwa sababu mbili. Anapenda taa nyeupe, na wengi wanaokuja kwetu na «ugonjwa wa ngozi wa mvua» ni yeye aliyewapitia. Ya pili, shambani ni rafiki yetu: anakaa kwenye unyevu wa mpunga na kula wadudu wanaoharibu mpunga. Anayempulizia dawa anapoteza mfanyakazi asiyelipwa.

Na malaria? Hapa tuseme wazi ili mtu asije kutulaumu. Mbu wa malaria anafuata zaidi pumzi na harufu ya mtu kuliko taa. Ukibadilisha ampuli utapunguza vipepeo, mende wa kuruka na kumbikumbi, lakini chandarua kinabaki pale pale, kila usiku, kwa kila mtoto.

Sasa depo zetu, na hapa kosa ni letu sisi mafundi. Kwenye koperative moja tulisaidia kutengeneza uwanja wa kukausha mpunga, na siku ya kufungua tulitundika projekta kubwa nyeupe juu ya mlango wa depo, inamulika uwanja wote mpaka asubuhi. Ilipendeza kwenye picha. Asubuhi wamama waliokuja kugeuza mpunga walituita: kwenye bashi kulikuwa na mabawa, mende na vipepeo vilivyochanganyika na mpunga, na walipoteza nusu ya siku wanapepeta tena. Wiki zilizofuata vyura wakahamia hapo kwa ajili ya wadudu, na baada ya vyura tukaona nyoka. Mlinzi wa depo alituuliza kama nyoka naye ni sehemu ya projekti.

Kuna kipepeo mdogo wa rangi ya majani makavu anayetaga mayai kwenye punje za mahindi na za mpunga. Kiwavi chake kinakula punje kutoka ndani. Naye anaruka jioni na kufuata taa. Hatusemi kwamba taa njo inayooza depo: mpunga usiokauka vizuri na magunia ya zamani yasiyosafishwa vinaharibu zaidi, na mara nyingi mdudu anaanza shambani kabla ya mavuno. Lakini kumwashia taa mlangoni usiku kucha ni kumwonyesha njia. Taa ya depo iwe kwenye mti wake, imulike mlango kutoka mbali. Bashi zifunikwe kabla ya giza. Projekta yetu ile tuliihamisha, lakini ilitupasa kwanza kukubali mbele ya mkutano kwamba tulikosea, na mkutano ulicheka vya kutosha.

Wanachama wengine, baada ya kusikia habari za mitego, wametuuliza kama wanaweza kuweka taa katikati ya mahindi ili kuua vipepeo vya kiwavi jeshi, kile kilichofika Afrika mwaka 2016. Hapana. Taa itakamata baadhi, lakini itaita wengine kutoka mbali, na majike watataga kwenye mahindi yaliyo karibu na taa. Kwa kiwavi jeshi, pita shambani kila juma, fungua moyo wa mmea, ponda mayai na viwavi vidogo kwa vidole. Kazi ngumu, lakini hiyo njo inayolipa kwenye shamba dogo.

Mzee mmoja alitupinga, na maneno yake hatukuyasahau. Alisema: «Ninyi mnatuambia tuweke taa ya njano. Hiyo ni koroboi. Sisi tumetoka huko. Mjini wana taa nyeupe, hakuna anayewaambia wazime.» Tulimwelewa. Taa nyeupe mlangoni inasema kwamba nyumba hii imefika mahali, na mtu aliyeuza mpunga wa misimu miwili ili apate plake ana haki ya kuona mwanga wake. Hatukumjibu kwa namba za K. Tulimuuliza tu kama yeye mwenyewe anakaa chini ya taa yake usiku wa mvua. Alinyamaza kidogo, kisha akasema anaingia ndani saa moja juu ya wadudu. Amenunua mwanga wa barza ambao hawezi kuukalia.

Na sisi watu wa mashirika tusijifiche nyuma ya mkulima. Taa nyingi za vijijini zimeletwa na miradi, na walioziagiza walitazama bei na nguvu tu. Rangi hakuna aliyeiuliza. Maoni yetu ni kwamba mradi wowote unaogawa taa za nje uandike kwenye oda yake: mwanga wa njano, 3000K ao chini yake, na kofia juu. Kamati za ununuzi za koperative zidai hivyo hata kama taa ni zawadi. Na duka la koperative lisiuze dawa yoyote isiyo na etikete, hata chupa moja, hata kama wanachama wanaiomba. Tunajua kamati itapoteza wateja kidogo kwa soko la pembeni. Ipoteze.

Kamati moja imetuambia itanunua taa tano za nje kabla ya msimu B. Tumewaomba walete karatoni moja mkutanoni kabla ya kulipa. Tutaisoma pamoja, na usiku huo tutawasha taa mbili kwenye uwanja, nyeupe upande huu na njano upande ule, na beseni la maji yenye sabuni chini ya kila moja. Asubuhi, kabla ya mkutano kuendelea, wamama watahesabu. Koperative nyingine inayotaka kufanya jaribio hilo haihitaji kutungoja: beseni mbili, ampuli mbili, na usiku mmoja baada ya mvua. Matokeo mutuletee kwa monitere wenu, tutayaandika katika namba ijayo.